Shemeji, tufungue kartoni kwanza

Likizo kubwa inakaribia. Kila mwaka wakati huu kuna mmoja wetu anayepanda ndege, na jamaa wakisikia tu, mizigo inaanza kufika mlangoni. Zamani ilikuwa vitenge, makayabu, dawa za mzee. Siku hizi kuna mzigo mwingine: mashini ya mchezo wa video, ile watoto wanayoita Play hata kama ni ya kampuni nyingine. Baba yuko Ulaya ao mjomba yuko Kinshasa, mtoto yuko Lubumbashi ao Kolwezi, na katikati yao kuna mama mmoja mwenye tiketi.

Nataka kusema jambo moja juu ya mzigo huo. Mwanamke anayeubeba ana haki ya kuona kila kitu kilicho ndani kabla ya kuondoka nao, na kuomba hivyo si matusi. Nitaeleza kwa nini, kwa habari iliyonipata mimi mwenyewe.

Mwaka jana nilikwenda Kinshasa kwa kilio cha mjomba. Kutoka kule mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500, na barabara zetu mnazijua. Kwa hiyo ndege kwetu si anasa. Ni njia tu, na yule anayepanda anabebea ukoo mzima. Siku mbili kabla sijarudi, akaja shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Anafanya kazi Ubelgiji. Alikuwa Kinshasa siku kumi tu juu ya karatasi zake, na kufika Lubumbashi hakungewezekana. Kijana wake mkubwa, mwenye miaka 11, hakumwona miaka minne.

Alishika kartoni iliyozungushwa skochi pande zote, mpaka haikuonekana mahali pa kuanzia. Akasema: « Shemeji, ni PlayStation 4 ya kijana. Nimeifunga vizuri, usiifungue. Uiweke hivi hivi chini, pamoja na valizi. »

Nikamjibu: « Asante sana, shemeji. Tufungue kwanza, nione. »

Nyumba ikanyamaza. Mama mkubwa aliyenipokea alifyonza meno. Kwetu shemeji ni mtu wa heshima. Unampa kiti, unampa maji, unapokea anachokupa kwa mikono miwili. Kumwambia afungue zawadi ya mtoto wake mwenyewe mbele ya watu ni neno zito. Yeye akaniangalia, akauliza: « Shemeji, unaniona mwizi? »

« Hapana, » nikasema. « Lakini kule uwanja wa ndege hawatauliza jina lako. Mzigo utaandikwa jina langu. Wakikuta kitu, mimi ndiye nitabaki pale na ndege itaondoka. »

Akakaa kimya muda. Kisha akaomba mama mkubwa atuachie chumba kidogo, akachukua kisu, akakata skochi.

Ndani mlikuwa mashini yenyewe, maneti mbili (ndivyo vishikio vya kuchezea), kebo, na diski tatu katika visanduku vyake. Mlikuwa pia pawabanki kubwa ya kujazia simu, juu anajua vile umeme unavyokatika kwetu. Katika mfuko wa plastiki mlikuwa batri mbili za simu, zimelala pamoja na kebo na kichwa cha chuma cha chaja. Hizo zilikuwa za rafiki yake anayetengeneza simu Lubumbashi. Mwishoni akafungua kisanduku cha diski ya mpira wa miguu. Nyuma ya karatasi ya jalada akatoa bahasha nyembamba yenye dola 300.

Fedha hiyo ilikuwa minervali ya watoto wawili, na inayobaki ni ya mdogo wangu kuongezea biashara yake ya makala. Shemeji hakusema juu nyumba ilijaa watu wa kilio, na hakutaka kila mtu ajue. Sikumlaumu. Mtu mwenye fedha kidogo na jamaa wengi hujifunza kuficha.

Lakini fikirini, wamama. Kartoni ile ingekwenda chini pamoja na valizi, mimi bila kujua kitu. Ingepotea, ao ingefika imepasuka na bahasha haipo. Shemeji angepiga simu kwa mke wake: « Nilituma dola 300 kwa dada yako. » Mimi ningesema: « Sikuona kitu. » Nani angenisadiki? Watoto wangerudishwa kutoka masomo, mdogo wangu angeanza kuniangalia kwa jicho lingine, na mume wake vilevile. Udugu ungevunjika, na katika sisi watatu hakuna aliyeiba.

Hiyo ni fedha. Sasa niseme juu ya batri, kwa maana pale hatari si ya familia moja tu, ni ya kila mtu aliyekaa ndani ya ndege.

Batri za simu, za pawabanki na za maneti ni za litiamu. Zinaweka nguvu nyingi katika kitu kidogo. Ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake. Kama kipande cha chuma kinagusa ncha zake mbili kwa pamoja, ufunguo ao sarafu ao kichwa cha chaja, nguvu yote inataka kutoka mara moja. Batri inapata moto, inavimba, inatoa moshi, inawaka. Ikiwa ndani mna vipande vingi, kimoja kinawasha kingine, na hata ukizima, joto linaweza kuamsha moto tena.

Ikitokea kule juu walipo abiria, mtu ataona moshi, wahudumu watamwagia maji wapoze. Ikitokea chini penye valizi, hakuna mtu wa kuona mapema. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni UPS iliondoka Dubai ikiwa na batri nyingi za litiamu ndani yake. Moto uliwaka penye mizigo, moshi ukajaa mpaka chumba cha marubani, ndege ikaanguka. Marubani wote wawili walikufa. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, shirika la dunia la usafiri wa ndege, ICAO, limekataza batri za litiamu-ayoni zinazotumwa peke yake kama bidhaa zisipakiwe katika ndege za abiria.

Kwa sisi wasafiri sheria si ngumu kushika. Pawabanki na kila batri isiyokuwa ndani ya chombo chake inakwenda na wewe juu, katika mfuko wa mkononi. Kamwe haikwendi chini. Batri iliyo ndani ya chombo, kama ile ya maneti, inaweza kwenda chini ikiwa chombo kimezimwa kabisa na kimefungwa vizuri kisijiwashe. Lakini hata hiyo ni bora ukae nayo.

Kuna pia kipimo. Batri isiyopita Wh 100 inakubaliwa bila kuomba ruhusa. Ikiwa kati ya Wh 100 na 160, uombe kampuni ya ndege kwanza. Ikipita 160, hairuhusiwi kwa abiria. Kama namba ya Wh haikuandikwa, hesabu ni ya darasa la sita: chukua mAh, zidisha kwa volti, gawanya kwa 1,000. Pawabanki ya shemeji ilikuwa ya mAh 20,000 na volti 3.7. Mara hiyo ni 74,000; gawanya kwa 1,000, unapata Wh 74. Inapita bila shida. Ingekuwa ya mAh 30,000, ingefika Wh 111, na ningepaswa kuuliza. Batri ya maneti ya PlayStation 4 haifiki hata Wh 4. Nintendo Switch, ile ndogo ya kushika mkononi, ina batri ya kama Wh 16 ndani yake.

Mashini ya PlayStation 4 yenyewe haina batri kubwa. Inakula umeme wa ukuta. Lakini ndani mna diski ngumu inayozunguka, na chombo cha namna hiyo hakipendi kutupwa. Mmeona vile mizigo ya chini inavyopandishwa na kushushwa. Uzito wake si mwingi: ile ya kwanza ni kama kilo 2.8, na ile nyembamba iliyotoka mwaka 2016 ni kama kilo 2.1. PlayStation 5 ya kwanza, yenye mahali pa diski, ndiyo mzigo kweli: kilo 4.5 na urefu wa sentimita 39. Kabla ya kusema ndiyo, tazama tiketi yako inakubali kilo ngapi mkononi na kipimo gani cha mfuko, kwa maana kila kampuni ina yake. Kilo zikizidi, utalipa wewe, si aliyekutuma. Hilo pia mwambiane mapema.

Sisi wa upande huu hatupaswi kuogopa kuuliza juu ya batri kama kwamba ni siri ya wazungu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na inatoka hapa kwetu, Kolwezi, Fungurume na pembeni yake. Kobalti inaingia katika batri nyingi za simu na za vyombo vidogo. Kitu kinatoka katika udongo wetu, kinazunguka dunia, kinarudi katika kartoni yenye skochi. Si vizuri sisi ndio tukipokee bila kujua kina nini.

Basi tulipanga hivi, shemeji na mimi, mezani. Mashini niliifunga katika kitenge mara mbili, nikaiweka katika mfuko wangu wa mgongoni. Kebo zilikwenda kwenye valizi, kwa maana ni waya tu. Maneti tulizizima, nikazitia katika mfuko wa mgongoni. Ncha za zile batri mbili za simu tulizifunika na skochi, kila moja katika mfuko wake mdogo wa plastiki. Pawabanki nikaiweka juu kabisa, pahali pa kuifikia haraka.

Katika diski tatu, moja ilikuwa na namba 18 kwenye kona ya jalada. Michezo inayouzwa Ulaya ina namba hizo: 3, 7, 12, 16, 18, na maana yake ni umri ambao mchezo unafaa. Ile ya 18 ilikuwa ya bunduki na damu. Shemeji aliinunua pamoja na nyingine bila kutazama. Akairudisha mfukoni mwake. Kama kartoni isingefunguliwa, ingefika kwa kijana wa miaka 11.

Fedha tuliihesabu wote wawili. Kisha tukamwita mdogo wangu kwa WhatsApp, shemeji akamwambia yeye mwenyewe: « Dada yako ana dola 300 zako. » Watatu tukajua namba moja. Bahasha nikaivaa mwilini, chini ya kitenge, mpaka Lubumbashi. Mama mkubwa aliporudi chumbani alimkuta shemeji anacheka, akashangaa.

Siku ya safari nilifika mapema. Pale wanapopitisha mizigo katika mashini ya kuangalia, sikungoja kuulizwa. Nilitoa PlayStation katika mfuko, nikafungua kitenge, nikaiweka peke yake katika sahani ya plastiki, kama vile wanavyofanya na kompyuta. Ndani ya mfuko, chombo kama hicho kinaonekana kwenye kioo kama kipande cheusi kilichofunika vingine vyote, na ndipo wanaanza kupekua. Mtumishi aliuliza: « Mama, hii ni nini? » Nikajibu bila kutafuta maneno: mchezo wa mtoto, maneti mbili, pawabanki moja ya Wh 74, batri mbili za simu, ncha zimefunikwa. Akatazama, akanipitisha. Ni kwa sababu nilijua ndiyo maana nilijibu. Mama mwenye kusema « sijui, ni mzigo wa mtu » anajiletea maswali kumi.

Kulikuwa jambo lingine moja. Kwenye mlango wa ndege walisema nafasi ya mifuko juu imejaa, wengine waache yao ipelekwe chini. Wangu ulikuwa katika hiyo. Hapo ndipo watu wengi wanasahau pawabanki ndani. Nilitoa pawabanki na zile batri mbili, nikazitia katika sakoshi. Nikamwonyesha mhudumu ile mashini na kumweleza inavunjika, naye akanitafutia nafasi chini ya kiti cha mbele. Angekataa, ningeibeba juu ya magoti ao ningeiacha ishuke, lakini batri zisingeshuka.

Lubumbashi kijana alitungoja pale inje na mama yake. Hakukimbilia mfuko kwanza. Aliniuliza: « Mama mkubwa, ulimwona papa kweli? Amekonda? » Nilimwambia hapana, amenenepa kidogo, na anacheka namna ile ile. Ndipo akaomba kubeba mfuko.

Nyumbani tuliangalia mambo mawili kabla ya kuwasha, na ninyi myaangalie. La kwanza, umeme. Kwetu ni volti 220. Geuzeni mashini, msome maandishi madogo nyuma. Ikiandikwa 100–240 V, inafanya kazi huku. Lakini si kila mashini imeandikwa hivyo. Baadhi ya mashini za zamani zilizouzwa Marekani zimeandikwa 120 V tu; hizo ukizichomeka katika ukuta wa Lubumbashi zinaungua siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa umeme wetu unakatika na kurudi kwa nguvu, chomekeni kwenye stabilizatere, na umeme ukikatika mtoe kebo ukutani. La pili, televizyo. PlayStation 4 inataka tundu la HDMI. Televizyo ya zamani yenye matundu matatu tu, nyekundu, nyeupe na manjano, haiwezi kuipokea moja kwa moja. Mdogo wangu alikuwa ameisha kutazama ya kwake na kunitumia picha mbele ya safari.

Bahasha nilimpa mkononi kabla hata sijanywa maji. Alihesabu mbele yangu, na mimi nilimwomba ahesabu. Juma lililofuata minervali ililipwa. Shemeji alipiga simu ya video, kijana akamwonyesha namna anavyocheza, na baba akamwambia saa ngapi za kucheza na saa ngapi za kusoma. Sheria hiyo ilitoka kinywani mwa baba, na mtoto aliishika kuliko angeisikia kwangu mimi mwalimu.

Sasa, wamama, namna ya kuomba kufungua bila kuumiza mtu. Usiombe baada ya kupokea. Omba wakati mzigo ungali mikononi mwake. Usiseme « nina mashaka ». Sema « niambie nitajibu nini wakiniuliza ». Omba mfungue pamoja, yeye mwenyewe ndiye akate skochi. Kama kuna kitu cha siri, omba watu watoke, si lazima yeye aaibike. Kama kuna fedha, ihesabiwe, na mwenye kupokea aitwe kwa simu mbele ya safari. Na kama mtu anakataa kabisa kufungua, basi mzigo ubaki naye. Atakasirika mwezi mmoja. Afadhali hasira ya mwezi mmoja.

Ninyi mnaotuma mizigo na wengine, msingoje kuulizwa. Msifunge na skochi mpaka msafiri ameona. Pawabanki iwe peke yake, si katikati ya nguo. Wekeni fakture pamoja na mashini ikiwa inatoka inje ya inchi, kwa sababu duane watauliza bei. Na Nintendo Switch msiiache imelala tu: ushikilie kitufe cha kuwashia sekunde tatu, halafu uchague kuizima kabisa.

Ninaomba kila kikundi kiweke jambo hili katika mkutano wake wa kwanza wa likizo. Katika likelemba zetu tunahesabu fedha mbele ya wote, na hakuna anayesema kwamba kuhesabu ni kumwita mwenzake mwizi. Tunahesabu ili urafiki udumu. Mzigo wa msafiri nao tuufanyie hivyo, iwe kawaida yetu, ili siku mmoja wetu akisema « tufungue kwanza », asiwe na haja ya kueleza.